Mafuta ya Kuogea kwa Wenye Soriasisi: Tuliyojifunza Mwese

Boksi lilifika Mwese juu ya gari la mradi, katikati ya magunia ya mbegu na mabomba ya kisima. Ndani yake kulikuwa na chupa 24 za mafuta ya kuogea yenye dawa, zilizotumwa na marafiki wa dayosisi walioko ng'ambo baada ya kusikia kwamba tunao washarika wanaoteswa na ugonjwa wa ngozi unaowasha usiku na mchana. Tulipozipanga juu ya meza ya ofisi ya usharika, mzee mmoja wa kanisa, aliyewahi kufanya kazi ya ukarani, alivaa miwani yake, akasoma maandishi ya Kiingereza kwenye chupa, kisha akainua kichwa.

"Mratibu," akaniuliza, "hapa wameandika parafini. Hawa ndugu zetu wanataka tuwaogeshe wagonjwa kwa mafuta ya taa?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango hakucheka. Alisema kwamba yeye mwenyewe amewahi kupaka mafuta ya taa kwenye viwiko vyake, kwa kuambiwa kwamba yanaua wadudu wa ngozi, na kwamba yalimbabua mpaka akalia. Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la mzee halikuwa la mzaha hata kidogo. Makala hii imetokana na swali hilo. Nimeiandika kwa ajili ya kamati za sharika, ambazo ndizo zinazokutana na wagonjwa hawa kila Jumapili, na kwa ajili ya wafadhili wetu, ambao wangependa kujua msaada wao ulifanya nini na haukufanya nini.

Parafini mbili

Nianze na jina. Neno parafini hutumika kwa vitu viwili tofauti. Kwa Waingereza, na kwa wengi wetu hapa, parafini ni mafuta ya taa, yale ya kibatari na ya jiko la utambi. Lakini katika famasia kuna mafuta yanayoitwa parafini ya maji. Nayo asili yake ni petroli ghafi, lakini yamesafishwa mara nyingi mpaka hayana rangi, hayana harufu wala ladha. Hospitali huyatumia kulainisha ngozi, na hata kuwapa watu wenye choo kigumu. Mafuta ya mgando tunayonunua dukani ni ndugu wa karibu wa parafini hii ya famasia. Mafuta ya taa hukausha ngozi, huichubua na kuiunguza, na mtoto akiyameza au yakaingia katika mapafu yake anaweza kufa.

Tulikubaliana pale pale kwamba chupa zote zibandikwe karatasi ya Kiswahili: MAFUTA YA NGOZI. SI YA TAA. HAYANYWEKI. Tulikubaliana pia kwamba chochote chenye harufu ya kibatari kisiguse ngozi ya mgonjwa. Na kwa kuwa tumefika hapo, niongeze oili chafu ya injini, ambayo nimeikuta katika kaya zaidi ya moja. Kuna dawa halali ya soriasisi inayotokana na lami ya makaa ya mawe, nayo ni nyeusi na ina harufu kali, na labda huko ndiko wazo la oili lilikotokea. Lakini lami hiyo hutengenezwa kwa kipimo na mfamasia. Oili ya gari ina mabaki ya vyuma na sumu nyingine, nayo haina kazi juu ya ngozi ya binadamu.

Ugonjwa wenyewe

Soriasisi si ukoma, si upele, si mapunye, na wala si uchafu. Haiambukizi kwa kupeana mkono, kwa kulala kitanda kimoja, kwa kunywa katika kikombe kimoja wala kwa kuvaa nguo ya mwenzako. Chanzo chake ni kinga ya mwili inayofanya kazi kupita kiasi. Ngozi ya mtu mzima hujijenga upya taratibu: chembe mpya huzaliwa chini, hupanda juu kwa muda wa karibu mwezi mmoja, kisha hudondoka bila sisi kuziona. Kwa mwenye soriasisi safari hiyo ya mwezi hufanyika kwa siku chache tu. Chembe hufika juu zikiwa changa, hazidondoki ipasavyo, zinarundikana na kuwa magamba meupe au ya kijivu juu ya ngozi nene. Mara nyingi hali hiyo huonekana kwenye viwiko, magoti, kiuno kwa nyuma na kichwani, na kucha zinaweza kuwa na vishimo vidogo vidogo.

Vitabu vingi vya afya vina picha za ngozi nyeupe, na husema mabaka ni mekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Mabaka huwa ya zambarau, ya kahawia iliyokoza au ya kijivu, na yakipona huacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi mingi. Alama hizo si ugonjwa. Nimewaona watu wakiendelea kusugua alama hizo kwa dodoki na sabuni ya kufulia, na kwa kufanya hivyo wakauamsha ugonjwa upya, kwa sababu soriasisi ina tabia ya kuota mahali ngozi ilipojeruhiwa. Mkwaruzo wa ukucha unatosha.

Wazee wetu wanauliza jinsi ya kuitofautisha na ukoma. Baka la ukoma kwa kawaida haliwashi, na mara nyingi limekufa ganzi: ukiligusa kwa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, hatambui. Baka la soriasisi lina hisia zote na huwasha. Upele nao huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, na kwa kawaida nyumba nzima hujikuna. Haya nayaandika ili kamati isimhukumu mtu kwa macho. Hayachukui nafasi ya mganga wa zahanati, na hata ikithibitika kuwa ni ukoma, dawa zake zipo, ni za bure, nazo zinaponya.

Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu soriasisi mwaka 2014, na ripoti yake ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba watu wasiopungua milioni 100 duniani wanaishi nayo. Katika ripoti hiyo takwimu ya Tanzania ni ndogo kuliko zote zilizotajwa, asilimia 0.09, wakati Norway inafikia zaidi ya asilimia 11. Unaweza kusema basi si tatizo letu. Mimi nasoma takwimu hiyo kwa namna nyingine. Pale wagonjwa wanapokuwa wengi, kila mtu anamjua shangazi mwenye ugonjwa huo na hakuna anayeshtuka. Pale anapokuwa mmoja katika kijiji kizima, hakuna jina la ugonjwa wake, na watu humpa jina wanalolijua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama aliyekaa karibu na mlango. Hakuna aliyemfukuza kanisani. Ila siku ya Chakula cha Bwana, aliposogea mbele, waliokuwa nyuma yake walianza kuhamia mstari mwingine ili wasinywe baada yake. Aliliona mara ya kwanza, akaliona mara ya pili, kisha akaacha kusogea. Mwinjilisti aliniambia kwamba ilipita miaka minne.

Mafuta yanafanya nini

Sasa turudi kwenye chupa. Mafuta ya kuogea ya namna hii yana parafini ya famasia au mafuta ya mimea, pamoja na kitu kinachoyawezesha kuchanganyika na maji badala ya kuelea juu. Baadhi yameongezwa lami ya makaa ya mawe, na baadhi dawa ya kuua vijidudu. Maji hulainisha magamba, na mafuta hubaki kama utando mwembamba juu ya ngozi, ukizuia unyevu usitoroke. Ngozi yenye unyevu haipasuki, na ngozi isiyopasuka huwasha kidogo. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Mafuta hayatulizi kinga ya mwili na hayaponyi soriasisi. Mtu akikuuzia mafuta kwa kukuambia yanaiondoa moja kwa moja, amekuibia.

Hata kazi hiyo ya kulainisha ina mjadala wake. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika England na Wales kwa watoto 482 wenye pumu ya ngozi. Wote walipata huduma ya kawaida, ikiwa ni pamoja na mafuta ya kupaka baada ya kuoga. Nusu yao waliongezewa mafuta ya kutia katika maji. Baada ya kufuatiliwa kwa mwaka mzima, kundi hilo halikuonyesha nafuu ya maana kuliko lile lingine. Utafiti huo ulihusu watoto na pumu ya ngozi, si soriasisi, kwa hiyo siuchukui kama hukumu ya mwisho kwa wagonjwa wetu. Hata hivyo unatuelekeza penye uzito: mafuta yanayobaki juu ya ngozi yanasaidia kuliko mafuta yanayomwagwa pamoja na maji.

Na Mwese maji yenyewe ni hesabu. Maelekezo ya chupa zetu yalisema mililita 20 katika beseni la kulalia. Beseni la namna hiyo, wanalotumia wenzetu wa Ulaya, huchukua lita 100 na zaidi, yaani ndoo tano na kuendelea. Hakuna nyumba ya msharika wetu yenye beseni hilo, na hakuna mama atakayebeba ndoo tano kutoka mtoni wakati wa kiangazi ili mtu mmoja alowe. Wafadhili wetu hawakulijua hilo, nasi hatukuwaambia. Nikiri pia kwamba hatukuwahi kuulizana sisi wenyewe kabla ya kupokea.

Kwa wasomaji wasiopajua, Mwese iko katika nyanda za juu za Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mpanda. Kanisa la Kilutheri lina historia napo: mwaka 1964, Tanganyika Christian Refugee Service ilipoanzishwa na Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu, miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda waliotoka Kivu na kupewa makazi hapa. Ni nchi ya baridi kuliko Mpanda mjini. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huwa na baridi kavu yenye upepo, na huo ndio wakati ambao wenye soriasisi huja ofisini wakiwa na damu kwenye mikono ya shati kwa kujikuna.

Namna tulivyofanya kwa beseni na ndoo

Kwa ushauri wa tabibu tuliyapima mafuta upya: kijiko kimoja cha chai katika beseni la kawaida la maji ya vuguvugu. Mgonjwa huloweka viwiko au magoti kwa dakika kumi hadi kumi na tano, na sehemu nyingine hufutwa kwa kitambaa laini kilicholowa maji hayo hayo. Maji yasiwe ya moto. Wengi hupenda maji ya moto kwa sababu huua mwasho kwa muda, lakini baada ya nusu saa mwasho hurudi na wenzake. Magamba yaliyolainika yafutwe polepole na yasibanduliwe kwa kucha. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, iwekwe kando kabisa, maana hukausha ngozi kuliko kitu chochote kilichomo nyumbani. Mafuta yenye dawa ya kuua vijidudu yasipakwe kamwe bila kuchanganywa na maji, kwani huunguza. Tena mafuta hufanya sakafu na beseni viteleze, na mzee anayeoga amesimama juu ya jiwe bapa uani anaweza kuvunjika nyonga kwa sababu ya kijiko kimoja cha mafuta. Tulimwekea kila mgonjwa mzee kigoda cha kukalia.

Kisha ndipo inapokuja sehemu yenye faida kubwa. Mgonjwa ajikaushe kwa kugandamiza taulo au khanga bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika chache, apake mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato. Apake kwa kufuata mwelekeo wa vinyweleo, na arudie kabla ya kulala. Mtu mzima mwenye ugonjwa ulioenea mwilini anahitaji kati ya gramu 250 na 500 kwa wiki. Wengi walikuwa wakipaka kwa ncha ya kidole, kana kwamba ni dawa ya macho, halafu wanasema mafuta hayafai.

Mafuta ya kula je? Swali hili huulizwa kila mara. Alizeti safi iliyochujwa, ambayo mkoani kwetu haikosekani, inaweza kusaidia pale mafuta ya mgando yanapokosekana. Mawese nayo hulainisha, ila hupaka nguo rangi isiyotoka, na mgonjwa ambaye tayari anatazamwa haitaji kuongezewa madoa. Katavi ni nchi ya asali, na wafugaji wetu wa nyuki wanajua kwamba nta iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto, sehemu moja kwa sehemu nne za mafuta ya alizeti, ikipoa huganda kuwa mafuta mazito ya kupaka. Tumejaribu na yanakaa vizuri. Wapo ambao ngozi zao hazikubali nta, kwa hiyo kila mtu aanze kwa kupaka mahali padogo mkononi na asubiri siku mbili.

Moto

Hili nalitolea nafasi yake kwa sababu halimo katika mazungumzo ya wagonjwa, wala halikuwa katika mawazo yangu. Mwaka 2018 mamlaka inayosimamia dawa Uingereza ilitoa onyo kwamba nguo, shuka na bandeji zilizolowa mafuta ya kulainisha ngozi hushika moto haraka na kuwaka kwa kasi, hata kama mafuta yenyewe juu ya ngozi hayawaki. Watu walikuwa wamekufa, wengi wao wakiwa wavutaji wa sigara au wanaokaa karibu na moto. Kufua hupunguza hatari lakini hakuiondoi yote.

Fikiri sasa jikoni kwetu. Mama amepaka mafuta mikono yote miwili, amejifunga khanga ile ile kwa wiki nzima, anainama juu ya mafiga kupuliza kuni, na usiku analala na kibatari kwenye kigoda. Tumewaelekeza wagonjwa wawe na nguo maalum za kuvaa wakishapaka, zifuliwe mara kwa mara kwa maji ya moto na sabuni, na ikiwezekana wapake mara baada ya kumaliza kupika, si kabla. Usharika mmoja umetoa taa ndogo za sola kwa wagonjwa wawili. Kwa maoni yangu taa zile zilikuwa na manufaa kuliko chupa tulizopewa, na sisemi hivyo kwa kukosa shukrani.

Mambo ya kupeleka zahanati bila kuchelewa

Mafuta ni ya kutuliza. Yapo ambayo hayafai kutulizwa nyumbani. Soriasisi inayolipuka ghafla na kuenea mwili mzima kwa mtu ambaye hakuwa nayo inaweza kuwa dalili ya maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na mgonjwa ashauriwe kupima. Ngozi yote ikiwa imevimba na kuchubuka, au vikitokea vipele vya usaha mwilini pamoja na homa na kutetemeka, hiyo ni dharura ya hospitali. Viungo vikivimba na kukakamaa asubuhi, ugonjwa umeingia kwenye maungio na unaweza kuyaharibu.

Zipo dawa zinazoichochea. Klorokwini ni mojawapo. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini wazee wengine bado wanaitafuta kwa kuamini kwamba ilikuwa kali. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo huichochea. Mgonjwa asiache dawa hizo mwenyewe, ila amweleze mganga kwamba ana soriasisi. Pombe na sigara huongeza ugonjwa, na maambukizi ya koo kwa watoto yanaweza kuuanzisha.

Lakini hatari kubwa niliyoiona ni steroidi. Dawa hizi zikipakwa kwa maelekezo ya mganga, kwa muda na mahali maalum, ni msaada mkubwa. Zikimezwa au kuchomwa sindano kwa ajili ya soriasisi, mgonjwa hupata nafuu ya ajabu kwa siku kadhaa, na dawa ikiisha ugonjwa hurudi kwa hasira, wakati mwingine mwili mzima. Yule mama yetu alichomwa sindano mahali fulani njiani, akalipa fedha ya mbuzi wawili, akashangilia kwa wiki mbili, kisha akalala kitandani mwezi mzima. Krimu za kujichubua zinazouzwa minadani nyingi zina steroidi kali ndani yake, na zinaleta madhara hayo hayo.

Matibabu halisi yapo. Asidi ya salisiliki iliyochanganywa katika mafuta ya mgando hubandua magamba mazito. Lami ya makaa ya mawe ni ya zamani sana. Daktari wa Marekani aitwaye William Goeckerman aliiunganisha na mwanga wa urujuanimno mwaka 1925, na njia yake bado inatumika. Jua la asubuhi huwasaidia wengi, kwa dakika chache bila kuungua, ingawa aliyepaka lami ajihadhari kwa kuwa ngozi yake huungua upesi. Kwa ugonjwa mkubwa kuna methotreksati, ambayo hutolewa mara moja kwa wiki, si kila siku, na huhitaji vipimo vya damu na ini. Mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuitumia.

Kwa mtu wa Mwese njia huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi huko Mpanda. Mbali zaidi, katika viwanja vya KCMC Moshi, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Shirika la Msamaria Mwema na wataalamu wa ngozi wa kimataifa. Kituo hicho kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika ili warudi wilayani kwao wakiwa na ujuzi wa ngozi. Mpanda na Moshi ziko pembe mbili za nchi, na sisemi kila mgonjwa apelekwe huko. Nasema kwamba mganga wa wilaya anayo njia ya kuuliza, na kamati inaweza kumkumbusha.

Tulivyofanya na kikombe

Kuhusu yule mama, tabibu alikuja Mwese, akamfumba macho mbele ya wazee wa kanisa kwa ridhaa yake mwenyewe, akamgusa kwa pamba kila baka. Kila mara alisema, "Hapo." Mchungaji akatoa maelezo katika tangazo la Jumapili iliyofuata bila kutaja jina la mtu. Haikutosha. Watu walisikia, wakaitikia, na mstari bado ulipinda. Kilichobadilisha mambo ni mwenyekiti wa wanawake, ambaye kwa miezi miwili mfululizo alihakikisha anasimama nyuma yake hasa, akanywa baada yake. Siwezi kudai kwamba kila mtu ameshawishika. Wapo wawili watatu ambao bado wanahama.

Kuhusu mwasho, baada ya wiki sita za beseni na mafuta ya mgando alisema analala usiku mzima. Mabaka bado yapo, ila ni membamba, na hayatoi damu. Mwezi Julai yaliongezeka kidogo, kama tabibu alivyotutahadharisha. Sasa anasubiri zamu yake ya kuonwa Mpanda.

Kwa wafadhili na kamati

Hesabu ya chupa ni hii. Chupa 24 za mililita 500 ni lita 12. Kwa kipimo cha beseni la kulalia zingetosha kuoga mara 600, yaani wagonjwa wetu 7 wakioga kila siku, chini ya miezi mitatu. Kwa kijiko cha chai zimetufikisha mbali zaidi. Lakini boksi lilikaa Dar es Salaam muda mrefu likisubiri vibali ambavyo sisi wenyewe tulichelewa kuviomba, na lilipofika lilikuwa limebakiwa na miezi tisa kabla ya kuisha muda wake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, inataka dawa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja, iwe imeombwa na wanaoipokea, na iwe na maandishi yanayoeleweka na watumishi wa pale. Sisi tulikosa yote matatu. Kwa sheria zetu dawa kutoka nje huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ofisi yangu ndiyo inayopaswa kukiomba kabla mzigo haujaondoka kwenu.

Kwa hiyo ombi letu la mwaka huu halina chupa ndani yake. Tunaomba nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake kutoka Mwese hadi Mpanda na kurudi, mara mbili kwa mwaka, na malazi ya usiku mmoja. Tunaomba fedha ya kununua mafuta ya mgando kwa jumla Mpanda mjini, kilo moja na nusu kwa mgonjwa kila mwezi, ikiongezwa miezi ya Juni hadi Agosti. Tunaomba taa za sola tano, kwa wagonjwa waliobaki.

Kamati za sharika zinaombwa kuleta majina ya wenye magamba na mwasho wa muda mrefu kabla ya tarehe 29 Oktoba, ambayo ni Siku ya Soriasisi Duniani, kwa kuwa tabibu amekubali kupanda Mwese wiki hiyo. Majina yaandikwe kwenye bahasha iliyofungwa na yasisomwe katika matangazo. Chupa sita zimebaki katika kabati la usharika, na ufunguo anao mwinjilisti. Zitakazofikia tarehe ya mwisho zikiwa hazijatumika tutazikabidhi kwa mfamasia wa wilaya ziteketezwe, hata kama zinaonekana nzima.